Nungwi kumejaa, shukeni kusini

Wadau, kila zikikaribia sikukuu swali la vijana wa Dar wanaopanda boti ni lile lile: Zanzibar tufikie wapi? Na jibu ni lile lile: Nungwi au Kendwa. Wakirudi ni malalamiko. Muziki mpaka alfajiri, bei za kukata maini, na ufukweni huna pa kutandika hata kanga.

Jamani, sababu kubwa ni maji. Kule kaskazini bahari haikupwi mbali, mtu anaogelea asubuhi hadi jioni, ndiyo maana hoteli zimebanana. Ukishuka Paje, Jambiani mpaka Makunduchi, maji yakikupwa yanakwenda zake mbali, unabaki na mchanga na mawe. Aliyekuja kuogelea tu anaona kaibiwa.

Mimi nasema hapo ndipo pa kwenda. Lakini tuelewane: pametulia, hapako patupu. Maji yakitoka ndiyo saa ya kazi. Kinamama wanateremka kwenye mashamba ya mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989. Wengine wanachokoa pweza na chaza. Kinachoonekana kwetu kama ufukwe mtupu, kwao ni shamba.

Paje imeshatuonyesha mambo yanavyoweza kwenda. Leo inasifika kwa wageni wanaoteleza majini wakivutwa na tiara, na kamba za mwani zinagombea maji yale yale. Anayetoa nafasi mara nyingi si mgeni.

Kwa hiyo ukienda, nenda kama mgeni wa watu. Panda gari za shamba. Salimia. Kula kijijini, pesa ibaki kijijini. Jisitiri ukitoka ufukweni. Usikanyage kamba za mwani, na usimpige picha mama wa watu kabla hujamwomba.

Makunduchi nenda wakati wowote, ila ukitaka kimya epuka Julai, siku za Mwaka Kogwa. Kizimkazi wengi wanakimbilia pomboo asubuhi na kuondoka. Wewe baki, uende Dimbani ukauone msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107. Vaa kwa heshima na uombe ruhusa kwanza.

Kuna rafiki zangu wanasema nisitaje majina, nitaharibu. Sikubaliani nao. Vijiji hivi havikujificha, vipo na wenyewe wapo. Kinachoviharibu ni watu kugawana ufukwe bila kumuuliza anayeulima. Sisi tunaosema "Zanzibar ni kwetu" tungekuwa wa kwanza kuuliza, lakini wengi wetu tunafika na kamera mkononi kama watalii wengine, hata shikamoo hatutoi.

Au mnasemaje wadau? Nitaje, au ninyamaze?