Mashine Nayo Huugua

Ndugu zangu wa kalamu, nina ugomvi nanyi na leo nautoa hadharani. Hadithi zenu nazisoma, na nyingi zina hospitali ndani yake. Binti kalazwa, mchumba kakosa basi la Muheza, daktari katoka wodini kainamisha uso, machozi, tamati. Daktari yumo, nesi yumo, mganga wa kienyeji yumo, hata mlinzi wa getini anayetaka cha chai yumo. Fundi je? Yule anayeamshwa saa nane za usiku kwa sababu mashine ya oksijeni imenyamaza, yuko ukurasa wa ngapi? Ndiye mimi. Kazi yangu ni vifaa tiba, huku huku pwani ya Tanga, na nasema wazi: mmetusahau, na kusahau huku kunaua.

"Aisee, mshikaji anatafuta umaarufu tu," mtasema. Sivyo. Asiyetajwa hahesabiwi, asiyehesabiwa hatengewi fungu, na hospitali isiyo na fungu la matengenezo ni stoo ya vyuma iliyotiwa vitanda.

Twende kwa hesabu. Mwaka 2011 watafiti Lora Perry na Robert Malkin walichapisha hesabu ya vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zinazoendelea. Karibu 38 katika kila 100 vilikuwa havifanyi kazi. Ukiuliza kwa nini, jibu ni lile lile la miaka yote: spea hakuna, wataalamu hakuna. Haya! Mwaka 2010 huyo huyo Malkin na mwenzake walikuwa wameshalipima jibu hilo katika hospitali 60 za nchi 11. Vifaa vibovu vilivyoletwa vilikuwa 2,529. Kwa vitu vinavyopatikana papo hapo, bila spea ya kuagiza nje, 1,821 vilirudi kazini. Hiyo ni 72 katika kila 100! Na robo ya matengenezo hayo ilikuwa ni kukifunga kifaa sawasawa au kumwelekeza anayekitumia. Mengi ya yaliyobaki yalikuwa umeme, mabomba na vyuma. Basi tusidanganyane. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu aliyeajiriwa, mwenye bisibisi mkononi na ruhusa ya kununua fyuzi bila kusubiri sahihi saba.

Sisi wa pwani tuna adui zaidi. Upepo huu wa bahari mnaousifu kwenye mashairi umebeba chumvi, na chumvi hula nyaya na bodi za umeme kimya kimya. Unyevu nao huotesha ukungu kwenye lenzi ya hadubini. Mnaona ni jambo dogo? Mkoa huu ni wa malaria. Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 barani Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014, chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2021. Kazi ya namna hiyo hutegemea jicho la mtu juu ya lenzi, akitafuta vijidudu kwenye tone la damu. Lenzi ikiota ukungu, jicho linaona nini? Na dawa yake ni kabati linalofungwa vizuri, na balbu ndogo ndani ya kulitia joto. Balbu, jamani!

Au chukueni mashine ya oksijeni yenyewe. Inavuta hewa hii ya kawaida, yenye oksijeni kama sehemu 21 katika 100, inaisukuma kwenye chembechembe zinazoshika naitrojeni, na kumpa mgonjwa oksijeni iliyo nzito zaidi ya mara nne. Chujio lake likijaa vumbi, mashine inahema kama mgonjwa wake, inapata joto, nguvu inashuka. Tiba? Maji, sabuni, na kulianika chujio likauke. Ni kazi ya dakika chache kwa wiki, lakini isipoandikwa kuwa ni kazi ya fulani, haifanywi na yeyote.

Sasa njooni kwenye misaada. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hospitali moja, jina naliweka kapuni, ilipata mgeni wa namna hiyo kutoka Marekani: mashine inang'aa, utepe ukakatwa, picha zikapigwa, soda zikanyweka. Fundi hakualikwa. Aliitwa baadaye, moshi ulipotoka. Mashine ilitengenezwa kwa volti 120, ukuta wetu unatoa 230. Mgeni kaja, mwenyeji hakupona, na mgeni mwenyewe kafa siku hiyo hiyo.

Wapo watakaonijibu kwamba nyaya hazina hadithi. Kwani hadithi ni nini? Mashine mbili zimekufa. Ukichukua kipuri cha hii, ile inafufuka. Wodi ya watoto wanaitaka, leba wanaitaka. Metroni kasimama mlangoni anakuita, "Fundi, mwanangu, unasemaje?" na saa inakwenda. Nipeni riwaya yenye uamuzi mzito kuliko huo! Shaaban Robert, mtoto wa Tanga hii hii, karani wa serikali, alimpa mkulima kitabu kizima, Utubora Mkulima. Hakuliona jembe kuwa dogo kwa kalamu yake. Nyinyi bisibisi mnaionea haya ya nini?

Vijana wa kazi hii wapo. Wanafundishwa Taasisi ya Teknolojia pale Dar, na Chuo cha Ufundi Arusha. Kwa wakubwa wanaopokea mashine naomba maswali matatu kabla ya mkasi kugusa utepe: nani ataitunza, kwa fedha ipi, na kipuri kitatoka wapi? Asiye na majibu asikate kitu.

Na kwenu, wenzangu wa kalamu, ombi ni moja. Siku mtakapomwua tena mgonjwa wodini, msimalize kwa machozi ya mchumba. Mpelekeni mhusika wenu kule nyuma ya jengo, kwenye chumba cha mashine mbovu, aulize zile mashine zimekaa pale tangu lini.