Wafanyakazi wa migodi wajue mikataba ya wenzao nje ya nchi

Mkulima wa pamba wa Shinyanga anafahamu siku nyingi kwamba bei ya kilo moja haipangwi Kahama wala Kishapu, bali hufuata soko la dunia. Jirani yake aliyeajiriwa kwenye mgodi wa dhahabu yuko katika hali hiyo hiyo, ila bado anadai maslahi yake kana kwamba mwajiri anaishia getini.

Mgodi wa Geita ni wa AngloGold Ashanti, yenye pia Obuasi nchini Ghana na Siguiri nchini Guinea. Barrick inaendesha Bulyanhulu na North Mara, ambako Serikali ina hisa asilimia 16. Kampuni hizo mbili ni wabia katika mgodi wa Kibali nchini Kongo, kila moja ikiwa na asilimia 45. Hivyo mwajiri anapokaa mezani anajua gharama za migodi mingi, wakati chama cha wafanyakazi kinajua za mgodi mmoja tu.

Udhaifu wa kupambana peke yao ulionekana Bulyanhulu Oktoba 2007. Wafanyakazi waligoma, Barrick ikasema mgomo si halali, na mamia wakapoteza kazi. Migodi yake ya nchi nyingine iliendelea kutoa dhahabu.

Ni kweli kwamba mwaka 2002 AngloGold ilisaini makubaliano ya haki za msingi za wafanyakazi na shirikisho la kimataifa la ICEM, ambalo mwaka 2012 liliungana na mengine kuunda IndustriALL. Hata hivyo, makubaliano ya aina hiyo hayapangi mishahara.

Wapo watakaosema mshahara wa Ghana haulinganishwi na wa Tanzania kwa kuwa gharama za maisha ni tofauti. Lakini saa za zamu, matibabu ya mapafu na kazi wanazopewa wakandarasi vinalinganishika.

TAMICO na NUMET, badala ya kugombea wanachama, vianze na jambo dogo: kubadilishana na vyama vya Ghana na Kongo nakala za mikataba ya hali bora na tarehe za kumalizika kwake. Mikataba ikimalizika kipindi kimoja, mwajiri atajibu madai ya migodi kadhaa kwa wakati mmoja.

Miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, walijenga ushirika baada ya kuchoshwa na wanunuzi waliowapunja kwenye mizani. Walianza kwa kuhakiki uzito wenyewe. Wafanyakazi wa migodi nao waanze kwa kuhakiki mikataba.