Mjenzi wa Kivuko

Ukisafiri kwa barabara kwenda Rwanda utapita Benaco, wilayani Ngara, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kitaliani iliyojenga barabara ile. Mbele yake ni daraja la Rusumo, juu ya mto Kagera. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walilivuka daraja hilo katika muda wa saa 24 tu, na Benaco ikageuka mji wa maturubai. Walivuka wasio na hatia, wakavuka na waliomwaga damu, huku mto ukichukua maiti hadi Ziwa Victoria. Miguu ilivuka, je, mioyo nayo ilivuka?

Swali la kuvuka ni la kale. Wajaini, watu wa asili ya Bara Hindi ambao Afrika Mashariki imeishi nao kwa zaidi ya miaka mia moja, humwita mwalimu wao mkuu “tirthankara”, yaani mjenzi wa kivuko. Wa 24 na wa mwisho kati ya walimu hao ni Mahavira. Kwa mapokeo yao alizaliwa mwaka 599 kabla ya Kristo, katika jimbo la Bihar la leo, mwana wa ukoo wa kitawala. Alipotimiza miaka 30 aliacha mali na jamaa, akatangatanga peku kwa miaka 12, akifunga na kutafakari, hata akafunuliwa ukweli. Jina lake maana yake ni Shujaa Mkuu, na alama yake ni simba. Lakini simba huyu hakuua. Maadui aliowashinda ni hasira, kiburi na tamaa za nafsi yake mwenyewe.

Fundisho lake ni ahimsa: usidhuru kiumbe kwa wazo, kwa neno wala kwa tendo. Ndiyo maana watawa wengi wa Kijaini hubeba ufagio mwororo wa kumwondoa mdudu njiani asije akakanyagwa.

Pima jambo hili, msomaji. Mahavira alimtazama mdudu akaona nafsi. Ng'ambo ya Kagera watu waliwatazama binadamu wenzao wakawaita mende. Panga zilifuata baadaye.

Wakimbizi wale waliondoka Benaco mwishoni mwa 1996. Sisi tumebaki na kivuko chetu, nacho ki nyumbani. Jioni, baba na mama wanapomtaja jirani wa kabila au dini nyingine, mtoto husikiliza. Jina watakalomwita jirani huyo ndilo atakalokua nalo.