Taa au Bati?

Kijana mmoja wa Bububu, mpiga picha za harusi, amenijia na swali: fedha za upatu azimalize kwenye taa za picha, au sehemu aitie katika bati la nyumba? Mkewe, kwa haki kabisa, ataka bati.

Nilimwuliza anapiga wapi. Ukumbini usiku, akajibu, na chumbani kwa bibi harusi. Mwenye studio ya kudumu, kama Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza mjini mwaka 1930, aweza kununua taa nzito. Za kijana huyu hupanda daladala. Flashi moja ya betri na stendi imara zamtosha. Chumbani, dirisha lililo wazi na shuka jeupe upande wa pili hufanya kazi ya taa nyingine. Tena, ukiihamisha taa kutoka hatua mbili hadi nne, nuru imfikiayo bibi harusi hubaki robo. Kuisogeza karibu hakugharimu senti.

Taa za umeme wa ukutani asizikimbilie. Unguja ilikosa umeme wa kutoka bara tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, na harusi hazikungoja.

Flashi ya pili na ijilipie yenyewe Shaabani, harusi zikiwa nyingi. Bati limekwisha nunuliwa.