Vipimo vya vinasaba: Jibu la maabara litamfaa nani Magu?

Na Mwandishi Wetu, Magu

MKAZI wa mjini akisikia neno DNA, mara nyingi fikra zake huenda kwenye mgogoro wa mtoto na baba yake, au kwenye maiti iliyoharibika kiasi cha kutotambulika. Lakini katika Wilaya ya Magu, mkoani Mwanza, suala la vinasaba lina sura nyingine. Linamhusu mtoto mchanga ambaye, miezi michache baada ya kuzaliwa, huvimba vidole vya mikono na miguu, hulia usiku kucha na kupungukiwa damu, huku wazazi wakihangaika naye kutoka zahanati hadi kwa mganga wa jadi, bila kujua kuwa jibu lingeweza kupatikana katika tone moja la damu.

Ugonjwa huo ni selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Ndio mfano ulio wazi kuliko yote wa faida na hatari za kupima urithi wa mtu katika mwambao wa Ziwa Victoria.

Kila mtu hurithi nakala mbili za kinasaba kinachoongoza utengenezaji wa himoglobini, moja kwa baba na nyingine kwa mama. Mwenye nakala mbili salama huandikwa AA. Mwenye nakala moja yenye hitilafu ya selimundu huandikwa AS, na kwa kawaida huishi maisha yake yote bila dalili. Mwenye nakala mbili zenye hitilafu huandikwa SS, na huyo ndiye mgonjwa.

Baba na mama wote wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kuleta mtoto mgonjwa. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu, wakidhani kuwa wakishapata mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Ukweli ni kwamba kila mimba huanza hesabu upya.

Kanda ya Ziwa haikuangukiwa na mzigo huu kwa bahati mbaya tu. Mwaka 1954, mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake Afrika Mashariki yaliyoonyesha kuwa hali ya AS ilikuwa imeenea zaidi katika maeneo yenye malaria nyingi, yakiwemo ya pwani na kando ya Ziwa Victoria, na kuwa adimu nyanda za juu. Sababu ni kwamba mwenye AS hupata kinga dhidi ya malaria kali. Kinasaba kilichowaokoa mababu ndicho kinachowaumiza baadhi ya wajukuu.

Inakadiriwa kuwa takriban watoto 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka. Utafiti uliotumia sampuli za damu za watoto wachanga zaidi ya 17,000 kutoka mikoa ya kaskazini magharibi, zilizokusanywa kati ya mwaka 2017 na 2018, ulionyesha kuwa mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na AS, na asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa wenyewe.

Jambo la kutiliwa maanani ni jinsi sampuli hizo zilivyopatikana. Zilikuwa matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi kwa ajili ya kuwapima VVU watoto waliozaliwa na mama wenye maambukizi. Karatasi ileile ilipimwa kwa jambo la pili. Hii ina maana kwamba njia ya kusafirisha damu kutoka zahanati ya kijijini hadi maabara kubwa tayari ipo. Uganda ilitumia mbinu hiyohiyo kwa sampuli zaidi ya 97,000 na, baada ya matokeo kuchapishwa mwaka 2016, ikajua wilaya zipi zianze kupima watoto.

Dawa nyuma ya jibu

Hata hivyo, kipimo peke yake hakimponyi mtu. Mtoto aliyegundulika mapema huhitaji penisilini ya kila siku katika miaka yake ya mwanzo, chanjo, kinga ya malaria na, kwa wengi, dawa ya haidroksiyurea. Utafiti uliofanyika katika nchi nne za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019, ulithibitisha kuwa dawa hiyo hupunguza maumivu, malaria, kuongezewa damu na hata vifo vya watoto. Jijini Mwanza, Hospitali ya Bugando imefanya utafiti wa kuitumia kuwakinga watoto dhidi ya kiharusi.

Lakini haidroksiyurea humezwa kila siku kwa miaka, na anayeitumia hupaswa kupimwa damu mara kwa mara. Kwa familia ya mkulima wa Magu, umbali wa kiasi cha kilomita 60 hadi Mwanza ni nauli, siku ya kazi iliyopotea na watoto wengine walioachwa nyumbani. Kama dawa na kipimo hicho havitapatikana karibu, jibu la SS litabaki kuwa habari mbaya iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki.

Wakazi wa wilaya hii wanalijua jambo hilo. Kata ya Kisesa imekuwa eneo la utafiti wa VVU wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu tangu mwaka 1994. Katika miaka hiyo ya mwanzo, aliyepimwa na kupewa jibu hakuwa na dawa ya kupewa pamoja nalo. Ni baada ya Serikali kuanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo mwaka 2004 ndipo kipimo kilipoanza kuwa mlango wa kuingilia kwenye tiba. Itakuwa kosa kurudia safari hiyo kwa selimundu, ilhali dawa yake inajulikana.

Kwa upande mwingine, zipo tiba za kusisimua zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba vya mgonjwa wa selimundu, iitwayo Casgevy. Bei yake nchini Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, yaani zaidi ya Sh5 bilioni. Hapa nchini, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye ugonjwa huo, lakini huhitajika mchangiaji anayelingana na mgonjwa, aghalabu ndugu wa tumbo moja.

Siri ya watu watatu

Hatari nyingine haimo katika dawa bali katika nyumba. Jibu la vinasaba la mtoto ni jibu la wazazi pia. Mtoto akiwa SS na mwanamume anayemwita baba akapimwa kuwa AA, mara moja huzuka tuhuma kwa mama. Lakini kabla ya mtu kufungashiwa virago, yapo ya kuulizwa. Kipimo cha haraka cha kuangalia tu kama selimundu ipo hakiwezi kutofautisha AS na SS. Aidha, aliyeongezewa damu karibuni anaweza kupewa jibu linalotokana na damu ya mchangiaji. Makosa ya maabara nayo hutokea.

Ndiyo maana ushauri nasaha kabla na baada ya kipimo si pambo. Suala hilo linagusa pia ndoa. Nchini Nigeria, baadhi ya makanisa hudai majibu ya himoglobini kabla ya kufungisha ndoa. Kumjulisha mchumba hali yake ni jambo la busara. Kumnyima ndoa ni jambo jingine. Katika eneo ambalo mtu mmoja kati ya watano anaweza kuwa na AS, unyanyapaa ukianza utagusa karibu kila ukoo, na binti ndiye atakayeubeba zaidi.

Sheria zipo. Sheria ya Usimamizi wa Teknolojia ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 inasimamia vipimo vya DNA, na maombi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali hupitia vyombo kama mahakama, polisi, ustawi wa jamii, mawakili au madaktari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti. Lakini kipimo cha selimundu kwa kawaida huchunguza himoglobini, si DNA yenyewe, na jibu lake huandikwa kwenye daftari la kliniki. Usiri wake, kwa hiyo, hutegemea zaidi mhudumu anayelishika daftari hilo.

Biashara ya mate

Wenye uwezo mijini wanaweza kuvutiwa na kampuni za nje zinazopima mate na kutabiri magonjwa. Yaliyoipata 23andMe ya Marekani ni onyo. Mwaka 2023 taarifa za wateja wake wapatao milioni 6.9 zilidukuliwa, na Machi 2025 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, huku wateja wakihoji nani angerithi vinasaba vyao.

Pia utabiri wa aina hiyo umejengwa zaidi juu ya takwimu za watu wenye asili ya Ulaya, hivyo humkosea Mwafrika mara nyingi zaidi. Tafiti kama ile ya Uganda iliyochapishwa mwaka 2019, ikihusisha vinasaba vya watu takriban 6,400 wa vijijini, zimeanza kuziba pengo hilo, lakini bado ni chache.

Kwa Magu, kipimo chenye manufaa ya haraka ni kile cha bei nafuu, cha ugonjwa unaojulikana na wenye dawa. Mpango wowote wa kuwapima watoto wachanga utakaofika wilayani humo unapaswa kuulizwa maswali matatu kabla ya tone la kwanza kuchukuliwa: dawa itapatikana zahanati gani, nani atakaa na wazazi kuwaeleza jibu, na daftari la majina litafungiwa wapi.