Ala ya Bastola na Jina Lililo Ndani Yake

Juma lililopita tuliletewa suala ambalo halijapata kutufikia katika safu hii. Baharia mmoja kijana wa mtaani kwetu, mwenye mazoea ya kununua vitu vya kale katika bandari anazoteremka, amerejea na ala ya bastola, ya ngozi, ya kijeshi, isiyo na bastola ndani yake. Aliipeleka kwa fundi viatu, naye fundi akamwahidi kwamba kwa siku mbili ataichovya katika mafuta, ataipaka rangi nyeusi na kuitia uzi mpya, itoke kama iliyonunuliwa jana dukani. Kijana alitaka kujua kwetu ikiwa bei ya fundi ni ya haki. Tulimwomba kwanza aende akaizuie kazi, kisha ndipo tuzungumze.

Hatukusema hivyo kwa kumdharau fundi. Viatu hutengenezwa ili vivaliwe, na fundi wetu anaijua kazi hiyo barabara. Ala ya kale haivaliwi tena. Kilichobaki kwake ni ushahidi, na mafuta na rangi ndivyo vitu viwili vinavyouzika ushahidi huo kwa haraka zaidi.

Ngozi ya ala za kijeshi za zama hizo aghlabu ni ya ng'ombe, iliyodabaghiwa kwa magome ya miti. Jambo hilo si geni kwetu watu wa pwani. Magome ya mikoko ya Lamu na ya delta ya Rufiji yalikuwa yakipakiwa na kupelekwa Ulaya kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Hatudai kwamba ala ya baharia wetu imekunywa maji ya mikoko ya Lamu, ila si muhali.

Ala yenyewe ni ya bastola ya Kijerumani iitwayo P08, ambayo wengi huijua kwa jina la Luger, iliyokubaliwa na jeshi la nchi kavu la Ujerumani mwaka 1908. Umbo lake halifichiki. Ni ngozi nene iliyofinyangwa ikawa ngumu, yenye kifuniko cha mviringo kinachofungwa kwa mkanda na bizimu. Ubavuni, upande wa mbele, pameshonwa kijaruba kirefu cha kuhifadhia chemba ya risasi ya akiba. Ndani ya kifuniko mna kijaruba kingine, kidogo, cha kifaa cha kufungulia bastola. Upo pia ukanda mwembamba unaopita katika tundu: ukiuvuta, bastola huinuka. Mgongoni mna vitanzi viwili vya kupitishia mshipi. Muuzaji akikuletea ala laini, nyembamba, isiyo na vijaruba hivyo, akaiita ya P08 ya Vita vya Kwanza, mwambie akatafute mnunuzi mwingine.

Baada ya umbo hutazamwa mihuri. Katika Vita vya Kwanza, kiwanda aghlabu kiligonga jina lake, mji wake na mwaka juu ya ngozi. Katika Vita vya Pili ikaongezwa alama ya wakaguzi wa silaha, yaani tai na herufi WaA zikifuatwa na nambari. Na vita vilipoendelea, viwanda vikaacha kuandika majina yao na kutumia herufi za siri. Muhuri wa kweli uligongwa ngozi ikiwa mpya, kwa hiyo umezeeka pamoja nayo: kingo zake zimelainika, na nyufa za ngozi hupita juu yake. Muhuri uliogongwa juzi hukata nyufa hizo.

Rangi ndiyo huwachanganya wengi. Ala za Ujerumani za mwanzoni mwa Vita vya Kwanza zilikuwa za kahawia. Mwaka 1915 ikatoka amri kwamba zana za ngozi za jeshi zitiwe weusi, na nyingi zilizokwisha kutengenezwa zikapakwa. Basi weusi juu ya kahawia, kwa Mjerumani, huenda ukawa ni historia yenyewe. Kwa Mmarekani mambo ni kinyume. Ala yake ya M1916, yenye herufi US kwenye kifuniko, ilitolewa ikiwa ya kahawia katika vita vyote viwili. Weusi ulikuja katika miaka ya 1950, na ala nyingi za zamani zikapakwa wakati huo. Ama za Waingereza hatutazirefusha. Itoshe kutafuta alama ya mshale mpana, na kukumbuka kwamba katika Vita vya Pili ala zao nyingi zilikuwa za turubai wala si za ngozi.

Wauzaji nao wana hadithi zao. Kwa kuwa watu walipigana Tanga mwezi Novemba 1914 na karibu na Taveta mapema mwaka 1916, kila ala ya Kijerumani inayoonekana katika sehemu zetu hudaiwa kuwa ya afisa wa von Lettow-Vorbeck. Huenda mojawapo ni kweli. Lakini hadithi isiyo na muhuri wala waraka haipandishi bei, na anayeisimulia huku akijua kwamba ala imetengenezwa juzi amefanya ghushi. Mnunuzi na atazame nyuzi. Za kale ni za kitani au pamba. Uzi wa nailoni hauwezi kuwa wa mwaka 1916. Taa ile wanayotumia wenye maduka kukagulia noti hufaa hapa, kwa maana nyuzi nyingi za kisasa hung'aa chini ya mwanga wake. Tahadhari ni kwamba uzi wa kale uliowahi kuguswa na sabuni ya unga nao huweza kung'aa.

Tuliulizwa pia kuhusu ngozi ya nguruwe, na suala hilo lina mahali pake, kwa sababu Wajerumani waliitumia katika baadhi ya zana zao za Vita vya Pili. Hujulikana kwa vitundu vya manyoya vilivyokaa vitatu vitatu. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, kudabaghi hakuitoharishi ngozi hiyo. Ala ya kijana ni ya ng'ombe. Vitundu vyake ni vidogo na vimesongamana bila mafungu.

Sasa tuje kwenye matunzo. Mafuta ya nazi, samli, na hata yale mafuta ya kwato za ng'ombe yanayosifiwa na wapanda farasi, yote huitia ngozi giza, huvuta vumbi, na baada ya miaka huganda ndani yake. Sabuni na maji ni vibaya zaidi. Anza kwa brashi laini kavu. Ule utando wa kijani kwenye vifungo vya shaba ni shaba iliyokutana na mafuta ya ngozi. Uondoe kwa kijiti cha mti, polepole, wala usitumie kisu. Ikiwa ngozi inaacha unga mwekundu mkononi, huo ni uozo ambao haurudishwi nyuma. Sisi tumeuona katika majalada ya vitabu vya wazee wetu. Wahifadhi huutuliza kwa dawa kama Klucel G iliyoyeyushwa katika spiriti, ambayo hushikamanisha unga huo bila kuloanisha ngozi kwa maji. Mshono uliofumuka hushonwa kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, kwa sindano mbili, ukipita katika matundu yaleyale ya zamani. Kutoboa tundu jipya ni kuichana ngozi. Kisha ala ijazwe karatasi nyeupe safi ili ishike umbo lake, na iwekwe mahali penye hewa, mbali na jua. Mfuko wa plastiki katika unyevu wa Mombasa huzalisha ukungu kwa muda mfupi. Na mwenye kukuta risasi ndani ya kijaruba asiihifadhi kama kumbukumbu. Kuwa nayo bila cheti ni kosa la jinai, basi aijulishe polisi.

Tulipopiga brashi ndani ya kifuniko cha ala ya kijana, chini ya vumbi palitokea maandishi ya wino: jina la mtu, nusu yake likisomeka, na nambari. Rangi ya fundi ingelimeza siku ileile. Nyaraka za jeshi la Prussia ziliteketea kwa sehemu kubwa Potsdam mwaka 1945, lakini zile za jeshi la Bavaria zimesalimika na zimo katika hifadhi ya München. Muhuri wa kiwanda ni wa München pia. Hilo halithibitishi kwamba mwenyewe alikuwa mwanajeshi wa huko, ila limetosha kumfanya kijana apige picha ya jina lile na kuandika barua. Jawabu bado halijafika.