Fufua chenso ya zamani, lakini usiiongezee nguvu

Vijana wenzangu, naona wengi mnanunua Stihl 070 zilizochoka na kuzifufua jioni baada ya kazi za shamba. Mimi naunga mkono. Ukishafungua injini ya cc zaidi ya 100 kwa mikono yako na ikawaka, pampu ya maji haitakusumbua tena.

Ila msimamo wangu ni huu: fufua, usiiongezee nguvu. Ukitoboa eksozi ili ingurume, injini inavuta hewa zaidi. Mafuta yakibaki yaleyale, pistoni inapata joto na kukwama. Sili za krenki zilizokauka nazo huleta balaa hilohilo, kwa hiyo badilisha sili na gasketi kwanza, kabureta baadaye. Oili usikadirie kwa macho: ukitumia uwiano wa 1:25, ni mililita 40 kwa kila lita ya petroli.

Kubwa zaidi, 070 haina breki ya mnyororo. Ncha ikigonga kitu mashine ikakurukia, hakuna cha kuusimamisha mnyororo kabla haujakufikia. Kuiongezea kasi mashine ya hivyo ni kucheza na shingo yako. Ibaki ya kupasua gogo lililolala chini. Kuangusha miti na kukata matawi tumia yenye breki.

Halafu hela ya vipuri itoke mfukoni mwako, siyo kwenye fungu la mbolea. Starehe isile shamba.